Hawakukosa Somo

Kaa Busia au Malaba muda kidogo, utaisikia kauli hii barazani kwa chifu, kanisani, hata kwa vijana wenye digrii: watu wetu hawajui. Mkulima haweki mbolea kwa kuwa hajui faida yake. Mama anatumia maji machafu kwa kuwa hajaelimishwa. Wa boda anamaliza pesa zote leo kwa kuwa ndiyo hulka yake. Basi dawa ni semina. Nasema kauli hiyo si kweli, na kinachoniuma ni kwamba ilikwisha kukanushwa papa hapa kwetu.

Mwaka 1998, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walianza kuwafuatilia wanafunzi zaidi ya 30,000 katika shule 75 za msingi huku kwetu Budalang'i na Funyula. Dawa ya minyoo ilipotolewa bure, utoro ulipungua kwa robo. Pamoja na dawa kulikuwa na mafunzo: walimu walifundishwa, watoto wakahimizwa kuvaa viatu, kunawa mikono, kutoogelea ziwani. Watafiti walipokwenda kutazama, tabia ilikuwa ile ile. Kisha katika baadhi ya shule wazazi wakatakiwa kuchangia ada ndogo, na waliomeza dawa wakashuka kutoka karibu watoto 3 kwa kila 4 hadi chini ya mmoja kwa kila 5. Somo lilikuwepo. Ada ndiyo iliyofunga mlango.

Niliwahi kuketi katika ukumbi mmoja mjini Busia, karatasi kubwa zimebandikwa ukutani, mkufunzi akituuliza kwa nini hatutumii mbolea. Mama mmoja, leso kiunoni, akasimama. "Mwalimu, DAP naijua tangu nikiwa msichana. Pesa nilikuwa nayo Agosti, nikivuna. Wewe unaniuliza Machi." Watu wakaguna kumuunga mkono. Mkufunzi akafunua karatasi iliyofuata.

Alichosema mama yule ndicho walichokikuta Esther Duflo, Kremer na Jonathan Robinson katika mashamba ya Busia. Mtu akivuna ana pesa, lakini karo, mgonjwa na matanga vinaifikia kabla ya msimu wa kupanda. Watafiti wakamfuata mkulima mara tu baada ya mavuno, wakamuuzia mbolea kwa bei ya kawaida, na kumletea nyumbani bila malipo ya usafiri. Wanunuzi waliongezeka kwa kiasi kinacholingana na kupunguza bei kwa nusu wakati wa kupanda. Hakuna aliyebadilishwa tabia. Kilichobadilika ni tarehe, na safari ya kwenda dukani.

Sokoni Bumala nako, Robinson na Pascaline Dupas waliwafungulia wachuuzi akaunti za benki zisizo na riba, na kutoa pesa kulitozwa ada. Kwa hesabu ya kawaida hakuna ambaye angeweka hata senti. Kina mama waliweka, na wakaongeza mtaji wa biashara zao. Walichokosa ni mahali pa kuificha shilingi isiombwe jioni. Kwa waendesha baiskeli za boda akaunti hizo hazikuonyesha tofauti, nami sitalificha hilo; lakini anayelitumia kuthibitisha kwamba wanaume wale wana hulka mbovu aanze kwanza kuhesabu wanarudi nyumbani na ngapi.

Tazama maji. Chemchemi zetu karibu 200 zilikingwa kwa saruji, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo. Hata hivyo maji yalikuwa yakichafuka tena njiani na ndani ya mtungi. Ndipo likaja tangi la buluu juu ya nguzo, kando ya kisima. Mama anaweka mtungi wa manjano wa lita 20 chini yake, anageuza vali, klorini inadondoka kwa kipimo, anajaza maji, anajitwika. Hatumii hata dakika moja zaidi, na majirani kwenye foleni wanamwona. Yule yule mama aliyedaiwa kuwa hajaelimishwa anageuza vali kila asubuhi.

Kwa hiyo naomba bajeti za kaunti yetu zisomwe kwa jicho hilo. Pesa za kukodi ukumbi, chai na nauli za washiriki zinunue klorini tangi lisikauke, na zilipie lori la mbolea. Nikialikwa tena kwenye semina ya wakulima nitakuwa na swali moja kwa waandalizi: lori hilo linafika Butula mwezi gani?