Guru Akiwa Sultani, Nani Atamkanya?

Likitajwa jambo baya lililotendeka katika dini ya watu wengine, wengi wetu huku pwani hulijibu kwa neno moja tu: "Ndiyo yao hayo!" Kisha kahawa humiminwa, kashata humegwa, na maneno yakahamia kwengine. Mimi naliona jibu hilo kuwa jepesi mno, na wepesi wake una hatari. Leo nataka tuzungumze, ndugu wasomaji, juu ya kundi la dini ya Kihindu liitwalo Hare Krishna, na juu ya watu waliolipenda kundi hilo kwa moyo wao wote, kisha wakatoka ndani yake wamevunjika moyo. Sizungumzi ili tuwacheke. Nazungumza kwa sababu kilichowavunja moyo chaweza kuingia katika nyumba yoyote ya ibada.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo. Majirani zetu Wahindu wa Mombasa wana madhehebu mengi, na mengi kati ya hayo hayahusiki kamwe na habari hizi. Hare Krishna ni tawi moja tu. Mizizi yake iko Bengal, alikoishi Chaitanya (1486-1534), aliyefundisha kwamba mja humfikia Mungu wake kwa mapenzi, na mapenzi hayo huonekana katika kuliimba jina lake. Njia hiyo wao huiita bhakti.

Mfuasi wa njia hii hushika tasbihi ya punje 108, akaizunguka mara 16 kila siku, akitaja majina ya Mungu wake katika kila punje. Huamka kabla ya alfajiri. Hali nyama, samaki wala mayai. Hanywi pombe, na hata chai na kahawa amekatazwa. Hachezi kamari, na zinaa kwake ni marufuku. Sisi na wao tunatofautiana katika jambo kubwa kabisa, nalo ni nani anayeabudiwa na vipi. Lakini mtu aliyekulia katika nyumba ya dhikri hatashindwa kufahamu ni utamu gani uliowavuta watu wale.

Mzee na merikebu

Aliyeipeleka njia hii nchi za Magharibi ni mzee aliyeitwa A.C. Bhaktivedanta Swami, ambaye wafuasi wake humwita Prabhupada. Alizaliwa Calcutta mwaka 1896. Mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 69, alipanda meli ya mizigo iitwayo Jaladuta akaenda New York, karibu mikono mitupu. Mwaka uliofuata akaandikisha chama chake. Vijana wa Marekani wa siku zile walikuwa wamechoshwa na vita vya Vietnam, na wengi walikuwa wamezama katika bangi na madawa makali zaidi. Mzee akawaambia waache yote hayo, wakae chini, waimbe. Wengine waliacha kweli, na hapana shaka maisha yao yaliokoka.

Baada ya miaka michache nyimbo zao zilisikika mbali. George Harrison, mwanamuziki wa Beatles, alilipatia kundi jumba kubwa nje ya London mwaka 1973. Prabhupada mwenyewe alifika Kenya mwaka 1971, akahubiri Mombasa na Nairobi. Lakini mambo nitakayoyataja sasa hayakutendeka hapa kwetu. Mengi yalitokea Marekani, na mengine India.

Prabhupada alifariki Vrindavan, India, mwezi wa Novemba 1977. Hapo ndipo ulipoanza mtihani. Wanafunzi 11, wote watu wa Magharibi na wengi wao bado vijana, walishika ugurú wa kundi zima. Wakaigawanya dunia, kila mmoja na eneo lake, mfano wa masultani wanaogawana pwani. Katika mahekalu waliwekewa viti vya juu, wakaimbiwa, wakasujudiwa. Aliyekuwa ndugu yako jana, mkila sahani moja na kulala chumba kimoja, leo ulitakiwa uiname mbele yake na uamini kwamba hakosei. Baraza la uongozi lilikuwapo, nalo liliundwa na mzee mwenyewe mwaka 1970. Lakini magurú hao ndio waliokuwa wakubwa ndani ya baraza hilo. Je, mwizi atajifunga kamba mwenyewe?

Kufikia mwisho wa mwaka 1987, zaidi ya nusu ya hao 11 walikuwa wametoka, wamefukuzwa au wamevuliwa cheo.

Kasri ya dhahabu

Kisa kilichovuma zaidi ni cha Kirtanananda, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1937, mtoto wa mhubiri wa Kikristo. Yeye alitawala kijiji kiitwacho New Vrindaban, katika milima ya West Virginia. Wafuasi wake walijenga huko kasri ya marumaru na dhahabu, iliyofunguliwa mwaka 1979. Kasri hiyo ilianza kama nyumba ya kumkaribisha Prabhupada, naye akafa kabla haijakwisha. Watalii walikuja kwa mabasi kuitazama. Fedha za kijiji nazo zilitafutwa mitaani, mojawapo ya njia ikiwa ni kuuza kofia na vibandiko vyenye nembo za watu wengine bila ya ruhusa yao.

Mtu mmoja, Steven Bryant, aliyekuwa mfuasi, alianza kuandika na kusema wazi kwamba magurú wamepotoka. Mwezi wa Mei 1986 aliuawa kwa risasi ndani ya gari lake mjini Los Angeles, na mtu wa New Vrindaban akahukumiwa kwa mauaji hayo. Kundi lilimfukuza Kirtanananda mwaka 1987. Mwaka 1996 alikiri mahakamani kosa la kuongoza uhalifu wa ulaghai wa fedha. Akafungwa, akatoka mwaka 2004, akafa India mwaka 2011. Na hadi mwisho wake walikuwako waliomwona ni mtakatifu aliyeonewa.

Lakini mimi, ukiniuliza, sitasema kwamba kasri wala risasi ndiyo iliyowakatisha tamaa watu wengi zaidi. Ni watoto.

Mwaka 1971 kundi lilifungua chuo cha bweni mjini Dallas, kikaendelea mpaka 1976, na vingine vikafuata Marekani na India. Wao hukiita gurukula, yaani nyumba ya mwalimu. Mtoto alipofika umri wa miaka mitano hivi, alichukuliwa akakae huko. Nia iliyosemwa ilikuwa njema: mtoto akue mbali na anasa za dunia. Kazi iliyofanyika ilikuwa nyingine. Wazazi walipokwisha kuondolewa mzigo wa watoto, waliweza kwenda viwanja vya ndege na njia kuu kuuza vitabu vya kundi kutwa kucha. Ndoa na watoto vilianza kuonekana ni udhaifu wa mtu asiyeweza kuwa mtawa. Na walimu je? Mara nyingi hawakufunzwa ualimu. Wengine walipelekwa chuoni kwa sababu hawakufaa katika kuuza vitabu. Hebu fikiri: mtu aliyeshindwa kuuza kitabu hupewa mtoto wa mwenzake amlee!

Yaliyotokea ni mapigo, njaa, kufungiwa gizani, na machafu ambayo gazeti la heshima huyataja kwa neno moja tu: watoto walinajisiwa. Si wote, wala si katika kila chuo, lakini ni wengi, na kwa miaka mingi. Waliojua walinyamaza ili jina la kundi lisichafuke.

Nani aliyesema?

Hapa pana jambo ambalo yafaa tuliangalie kwa makini. Ukweli haukuletwa na maadui wa Wahindu. Uliletwa na wenyewe. Watoto wale walipokuwa watu wazima walisimama mbele ya viongozi wakayaeleza yaliyowapata. Mwaka 1998 jarida la kundi lenyewe lilichapisha makala marefu ya mtaalamu wa jamii, E. Burke Rochford, juu ya mateso ya watoto tangu 1971 hadi 1986. Mwaka 2000 watu 44 waliosoma katika vyuo hivyo walifungua kesi wakidai dola milioni 400. Mahekalu yakakimbilia sheria ya kufilisika, na mwaka 2005 ikakubaliwa kwamba watu zaidi ya 500 walipwe dola milioni 9.5. Angalieni nani aliyebeba mzigo huo: ni mahekalu yaliyojaa wafuasi wapya, ambao baadhi yao hawakuwa hata wamezaliwa wakati wa Dallas.

Yuko pia Bi. Nori Muster, aliyefanya kazi katika gazeti la kundi hilo kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuandika habari njema, hata pale alipojua kwamba nyingine zipo. Alitoka mwaka 1988, na mwaka 1997 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Mimi mwandishi wa gazeti nikimfikiria mama yule, naona mtihani wake haukuwa mdogo. Ni rahisi kuacha kundi unalolichukia. Kuacha kundi ulilolipenda, ambamo marafiki zako wote wamo, ni kama kuhama mji usiku.

Na wengi waliotoka hawakuacha tasbihi zao. Waliendelea kuimba majumbani mwao. Wengine waliunda makundi madogo wakasema wanataka njia ile ile, bila ya viti vya juu. Basi hapo ndipo lile neno letu la "ndiyo yao hayo" linapoanguka. Ingekuwa imani yenyewe ndiyo iliyowachosha, wangeitupa. Walichokikimbia ni mtu aliyekaa mahali pa kuabudiwa, pasipo na yeyote wa kumkanya.

Liko na jibu la pili, ambalo hutolewa na wanaolitetea kundi: kwamba hao walikuwa watu wachache wabaya, na samaki mmoja akioza hutupwa, tenga likabaki salama. Nalo silikubali. Magurú 11, zaidi ya nusu wameanguka katika miaka kumi: huyo si samaki mmoja, bali ni tenga lililoachwa juani. Ukimpa binadamu yeyote utii usio na mpaka, fedha zisizohesabiwa na watoto wasio na wazazi karibu, usishangae atakapoharibika. Shangaa akibaki mwema.

Kwa haki, yasemwe na mengine. Kundi lilibadilisha mpango ule wa magurú, likaunda ofisi ya kulinda watoto mwaka 1998, na likakiri hadharani yaliyotendeka. Yako makundi ya dini makubwa zaidi duniani yaliyochelewa kuliko hapo.

Sasa tujiangalie. Sisi pia tuna masheikh tunaowabusu mikono, na heshima hiyo ni pambo la utamaduni wetu. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na walimu ambao hadi leo nawaombea dua kila nikimaliza sala. Lakini tunao pia msemo kwamba murid kwa sheikh wake awe kama maiti mkononi mwa mwoshaji. Wazee walioutumia walikusudia kuivunja nafsi na kiburi chake. Hawakukusudia kwamba mtoto wa miaka saba akae kimya anapoumizwa, wala kwamba fedha za wakfu zisiulizwe. Maiti hasemi, mwanao anasema, ikiwa yupo wa kumsikiliza.

Kwa hiyo mzazi anayempeleka mwanawe bweni, iwe ni madrasa au skuli, na aulize maswali matatu kabla ya kufunga sanduku la nguo. Nani humkagua mwalimu? Mtoto akiwa na malalamiko, atamwambia nani asiyekuwa mwalimu yule yule? Na hesabu za fedha, nani huzisoma? Mwalimu mwema hatakasirika akiulizwa, kwani maswali hayo yanamlinda yeye pia na masingizio. Akikasirika, mzazi amekwisha kujibiwa.

Na kamati zetu za misikiti na vyuo zisingoje mpaka mahakama iulize. Sisi tumefundishwa kutoa ushahidi wa haki hata ukiwagusa jamaa zetu, na mficha maradhi, kama wasemavyo, kifo humuumbua. Wenzetu wa Hare Krishna walinyolewa kwa wembe mkavu. Tuna nafasi ya kutia maji sasa, kabla mtoto wetu mmoja hajafika utu uzima akija kutuuliza tulikuwa wapi.