Barua ya makufuli mawili

Miaka kadhaa iliyopita mtu alinibishia hodi usiku, bahasha kwapani. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi moja ambayo sitaitaja. Hakutaka kuketi wala kunywa kahawa. Aliniuliza, "Bwana, nitajuaje kuwa wewe ndiwe mwandishi, wala hukuwekwa na wakubwa wangu?" Nami moyoni nilikuwa na langu: nitajuaje kuwa huyu ni mtu wa ofisi hiyo, wala si mzushi? Tukaogopana. Akaondoka na bahasha yake, na habari ile haikuandikwa mpaka leo.

Kisa hicho kilinirudia niliposoma habari za wataalamu wanne, Ateniese, Francati, Nuñez na Venturi, ambao mwaka 2019 walieleza namna mpya ya kufumba maandishi. Kufumba si jambo geni kwetu wa pwani. Utotoni, tukitoka chuoni, tulisema kinyume, tukizigeuza silabi ili wakubwa wasitufahamu. Na malenga wetu hufungiana mafumbo hata sasa. Lakini fumbo la malenga na fumbo la simu yana ila moja: mwenye kufunga ndiye achaguaye nani afungue. Mpokeaji hana kauli. Hata ufumbaji ambao WhatsApp iliueneza kwa wateja wake wote mwaka 2016 humzuia mdukuzi wa njiani, lakini haukwambii kama aliyekuandikia ni mkweli au ni tapeli.

Wataalamu hao wametia makufuli mawili katika barua moja. Mtumaji hutaja sifa anazozitaka kwa msomaji, tuseme awe mwandishi wa habari. Mpokeaji naye hutaja sifa za mtumaji, tuseme awe mfanyakazi wa bandari. Masharti ya pande zote mbili yakitimia, barua hufunguka. Yasipotimia haifunguki, wala mpokeaji hajui ni sharti lipi lililokosekana. Ni kama posa: upande wa mume una masharti yake, upande wa mke una yake, na posa ikikataliwa kwa adabu, jina la mtu halitupwi barazani. Wenyewe wataalamu wameuita mpango wao kwa jina la kazi ya mshenga.

Na hapo kwa mshenga ndipo panaponitia shaka. Iko mamlaka inayogawa funguo na kuthibitisha kwamba huyu ni mwandishi na yule ni mtu wa bandari. Mamlaka hiyo ina ufunguo mkuu, na mwenye ufunguo mkuu aweza kujichongea ufunguo wowote. Akitaka, atampa kachero sifa ya mwandishi, na barua itafunguka bila kinyongo.

Tumekwisha kuona hapa Kenya jinsi wenye funguo wanavyofanya haraka. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, kwa kuwa athari zake kwa siri za raia hazikupimwa kwanza kama itakavyo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Basi siku tutakapoletewa makufuli haya, tusianze kuuliza yana nguvu gani. Tuulize nani kashika funguo, nani humkagua, na akikosea atashtakiwa wapi. Mgeni wangu wa usiku aliwaogopa wakubwa wake. Kama ufunguo mkuu ungekuwa mezani kwao, angeondoka na bahasha yake vilevile.