Mark X na Boti Nyuma: Kuvuta Sio Ishu, Ishu ni Kusimama

Wikiendi iliyopita wanazengo walipata cha kutafuna. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, yule ambaye mwezi haupiti bila jambo, aliposti video akiwa kwenye Mark X yake nyeusi. Ndinga imeshushwa mpaka inakaribia kulamba lami, rimu zinawaka, muziki uko juu, na nyuma kuna trela lililobeba kiboti cha faiba. Safari ya Kigamboni, kwenda kula bata. Kabla jua halijazama ikatoka video ya pili, hii haikupostiwa na yeye: Mark X imezama kwenye mchanga na vijana karibu kumi wanasukuma huku mmoja anarekodi na kucheka.

Basi mtandao ukagawanyika. Timu ya kwanza ikasema bosi ni bosi, wenye wivu wajinyonge. Timu ya pili ikasema gari la kuuza sura haliwezi kuvuta boti, angeazima Land Cruiser akaacha mbwembwe. Zikaja meme, zikaja matusi, kiki ikakamilika.

Timu zote mbili zimechemka.

Tuanze na wanaosema gari dogo haliwezi. Linaweza, tena vizuri tu. Ulaya watu wanavuta viboti na trela za kambi kwa Golf na magari mengine ya kawaida ya familia, na kila gari limeandikiwa kiwango chake cha uzito. Uingereza, kwa mfano, trela lisilo na breki zake lenyewe halitakiwi kuzidi kilo 750, wala kuzidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Mark X ina kama kilo 1,500, kwa hiyo kwa kipimo hicho 750 ndiyo mwisho wake. Tatizo la huku ni kwamba Mark X iliundwa kwa ajili ya Wajapani, kitabu chake kimeandikwa Kijapani, na wengi hata hicho kitabu hawajawahi kukiona. Gari linashuka bandarini, linapigwa tinti, maisha yanaendelea.

Sasa piga hesabu ya ule mzigo. Kiboti cha faiba cha mita nne na kitu ni kama kilo 250. Mashine ya farasi 40, hizi ambazo wavuvi wetu wanazitumia kila siku, ni kama kilo 75. Petroli lita 50 ni kilo 37 hivi. Trela lenyewe weka 200. Friji la vinywaji na barafu, weka 40. Jumla inakuja kama kilo 600. Mpaka hapo jamaa yuko salama kwa kipimo cha Waingereza, na injini yenye farasi zaidi ya 200 inauburuta huo mzigo bila hata kukohoa.

Ila rudia kuiangalia ile video ya kwanza taratibu, pale gari linapokata kona. Ndani ya boti wamekaa watu watatu.

Yaani wapambe wa staa, mmoja wao densa wake, wamekaa kwenye boti, boti iko juu ya trela, trela liko Barabara ya Mandela katikati ya malori ya kontena yanayokwenda bandarini. Wanapunga mikono. Hakuna mkanda wa kiti, hakuna kiti chenyewe. Na kwenye komenti zote zile, za kusifu na za kuponda, ni kama hakuna aliyewaona. Watu wako bize na rimu.

Hao watatu, ukiwapa kilo 70 kila mmoja, wanaongeza kilo 210. Mzigo unafika 810 na kile kipimo kimeshapitwa. Lakini kilo sio jambo baya kuliko yote. Baya ni mahali walipokaa. Wamekaa nyuma kabisa, karibu na mashine, kwa sababu pale ndipo kamera inapowapata vizuri. Trela linatakiwa kulalia gari kidogo. Wanaojua kazi hii wanasema karibu asilimia 10 ya uzito wake ikae kwenye ndoana ya gari. Ukijaza watu mkiani, pua ya trela inanyanyuka, inalinyanyua gari kwa nyuma, na matairi ya nyuma yanapoteza mshiko. Na Mark X nyingi zinasukumwa na matairi hayo hayo ya nyuma. Hapo ndipo trela linaanza kucheza: kushoto, kulia, kushoto, kila mara likienda mbali zaidi. Dereva asiyejua anakanyaga breki ghafla, na hapo ndipo anapomaliza kazi. Anayejua anaachia mafuta, anashika usukani ukiwa umenyooka, anaacha mwendo ushuke wenyewe. Mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye simu, sijui hiyo inafanyikaje.

Halafu kuna kusimama. Hapa ndipo washabiki wa magari ya mbio wanapojidanganya kila siku, kwa sababu stori za kijiweni ni farasi ngapi, tabo, sifuri mpaka mia kwa sekunde ngapi. Hakuna anayetamba kwamba gari lake linasimama kwa mita ngapi. Breki za Mark X zilitengenezwa kusimamisha Mark X. Ukiifunga kilo 800 nyuma, na trela halina breki, diski zile zile zinabeba zaidi ya nusu nyingine ya kazi. Ukitoka spidi 40 ukaenda 80, nguvu inayotakiwa kumezwa na breki haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Bodaboda akikatiza mbele yako Kurasini, zile farasi 200 hazikusaidii kitu. Zitakachofanya ni kukufikisha kwake mapema.

Fundi naye amelaumiwa sana, maana imevuja kwamba chuma cha kuvutia kilichomelewa gereji ya mtaani kwa siku moja, tena kwenye bati la bampa badala ya kufungwa kwa bolti kwenye fremu ya gari. Ni kosa, hakuna ubishi. Bampa ni urembo, halibebi mzigo. Ila tuwe wakweli: mteja alikuja Ijumaa jioni anataka kitu Jumamosi asubuhi, na bajeti yake haifiki hata bei ya rimu moja. Hata mnyororo wa akiba, ule unaoshikilia trela ndoana ikiachia, haukuwepo. Mnyororo! Duka la vifaa vya ujenzi lolote unao.

Ya mchanga yanachekesha zaidi, acha watu wacheke. Jamaa amefika ufukweni siku ya bamvua, maji yamekupwa, bahari imekwenda kule mbali. Badala ya kuuliza mvuvi yeyote aliyekaa pale, akaamua kuyafuata maji na gari lililoshushwa. Kwa bamvua pwani yetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita. Angekaa kivulini akanywa dafu, maji yangemfuata mwenyewe. Na wale vijana waliosukuma walikuwa wanakimbizana na maji yanayorudi, kwa sababu chumvi ikishaingia kwenye breki na beringi za gari, hapo huuzi tena Mark X, unauza vipande. Trela nalo lina beringi. Zikitoka kwenye lami zikiwa za moto na kuzamishwa ghafla, zinavuta maji ya chumvi ndani, na kutu inafanya kazi kimyakimya mpaka siku tairi linachomoka barabarani.

Kuna DJ mmoja hapa hapa mjini, jina tuliache, anavuta jet ski na Subaru yake kila anapopata Jumapili ya kupumzika. Gari lile lina kelele kuliko Mark X yoyote. Lakini anaondoka alfajiri kabla ya foleni, haendi zaidi ya spidi 60, chuma chake kimefungwa chini kwenye fremu, trela lina taa zake zinazowaka pamoja na za gari, na mzigo wote haufiki nusu tani. Akifika anaacha gari kwenye sehemu ngumu na kulisukuma trela kwa mikono na washkaji wawili. Video zake hazipati hata likes mia tatu. Watu wanasema anaboa.

Na hizo taa za trela zisichukuliwe poa. Wale wa Kigamboni walirudi usiku. Boti likiwa nyuma linaziba taa zote za gari, ya breki na ya kukata kona, na trela lile halikuwa na waya hata mmoja. Aliyekuwa nyuma yao aliona giza lenye umbo la boti likitembea kwenye lami, na ndani yake watu watatu wamechoka, wengine wamelala. Hata kama hakuna aliyegongwa safari hiyo, hiyo sio bata tena.

Staa ana haki ya kutumia pesa yake anavyotaka, na Mark X yenye boti nyuma inapendeza, tusidanganyane. Afunge chuma cha maana, aweke taa na mnyororo, amuulize mvuvi kuhusu maji, awaache watu wacheke. Lakini kama Pasaka ana mpango wa kurudi Kigamboni na kiboti chake, wale wapambe watatu wapewe nauli ya kivuko.