Askari wa Risasi na Mazimwi ya Mezani

Itazame pingili ya kwanza ya kidole chako gumba, ndugu msomaji, uikadirie urefu wake. Kwa kimo hicho, yaani milimita 28 hivi, huko Uingereza wako watu wazima ambao jioni baada ya kazi hukaa chini ya taa wakipaka rangi vijisanamu vya askari wa zamani: koti, mkanda, vifungo, ndevu, hata mboni za macho. Kando ya askari hao husimama viumbe wa namna nyingine: mtu aliyegeuka mbwamwitu, maiti aliyefufuka na sanda yake, mnyonya damu ndani ya joho lake. Rangi ikishakauka, wote hupangwa juu ya meza yenye vijumba na vijiti vya miti, na watu wawili huketi wakawapiganisha kwa kutupa dadu na kupima masafa kwa futikamba.

Mzazi anayeyaona mambo haya kwa mara ya kwanza aghalabu huuliza maswali mawili. La kwanza, je, vita ni kitu cha kuchezewa? La pili, mazimwi haya yanatafuta nini katikati ya askari wa historia? Swali la kwanza ni kongwe, na kila mzazi amekwisha kulijibu kwa namna yake siku mtoto alipookota kijiti akakifanya bunduki. La pili halijibiwi kwa urahisi namna hiyo, nalo ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Mchezo wenyewe si wa jana. Katika karne ya 18 mafundi wa mji wa Nürnberg, Ujerumani, walikuwa wakisubu askari wa bati wembamba kama karatasi. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London iligundua njia ya kusubu askari wa risasi walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu, na watoto wa Kiingereza wakajaziwa majeshi sakafuni. Kisha mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa kitabu cha kanuni za kuwachezesha askari hao, kiitwacho Little Wars. Wells hakuwa mpenda vita. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akicheza mara chache na kuona jinsi mipango yake inavyovurugika mezani, atatambua upuuzi wa vita vya kweli. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na wengi wa vijana waliokuwa wamecheza sakafuni wakaenda kuzikwa Ufaransa.

Katika mwaka ule ule wa 1913 alizaliwa mtu anayefaa kuitwa babu wa habari yetu ya leo, mwigizaji Peter Cushing. Iko filamu fupi ya habari ya shirika la British Pathé, ya mwaka 1956, inayomwonyesha akipaka rangi askari wake wadogo kisha akiwachezesha kwa kanuni za Wells. Mwaka mmoja baadaye watazamaji wa sinema walimwona katika The Curse of Frankenstein, akiwa yule daktari anayeunga viungo vya maiti apate kumpa uhai. Mwaka 1958 akawa mwindaji wa mnyonya damu katika filamu ya Dracula. Burashi ya askari na hadithi ya zimwi, kumbe, vilikuwa vimekutana katika nyumba moja zamani kabla kiwanda chochote hakijafikiria kuviuza pamoja.

Siku hizi vinauzwa pamoja. Mfano ulio bora, kwa maoni yangu, ni mchezo uitwao The Silver Bayonet, yaani Singe ya Fedha, ulioandikwa na Joseph A. McCullough na kutolewa mwaka 2021. Zama zake ni zile za vita vya Napoleon. Kila mchezaji ana ofisa mmoja na askari wachache tu, Waingereza, Wafaransa, Warusi au wengineo, nao hutumwa usiku kuwawinda viumbe waliovutwa na damu ya vita. Hapahitajiki jeshi la vijisanamu 300. Vinane hivi na mazimwi machache vyatosha. Tena mtu anaweza kuucheza peke yake, pasipo adui wa kibinadamu upande wa pili.

Msomaji atadhani kwamba kumchanganya Napoleon na mnyonya damu ni kichekesho. Tarehe zasema vinginevyo. Mwezi Aprili 1815 mlima Tambora, katika nchi iitwayo leo Indonesia, ulilipuka na kurusha majivu angani. Juni 18 mwaka huo Napoleon akashindwa Waterloo. Mwaka uliofuata majivu yale yalizuia jua hata Ulaya ikakosa kiangazi, mazao yakaharibika na njaa ikaingia. Katika mvua hizo za mwaka 1816, kando ya ziwa Geneva, kikundi cha vijana wa Kiingereza walijifungia ndani wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Msichana wa miaka 18 miongoni mwao, ambaye baadaye aliitwa Mary Shelley, akaanza kitabu cha Frankenstein, kilichochapishwa mwaka 1818. Daktari kijana, John Polidori, akatoa hadithi ya mnyonya damu mwaka 1819. Kwa hiyo mazimwi haya na askari wale wamezaliwa katika zama moja, katika bara lililokuwa limetoka tu kuzika watu wake. Aliyewaweka juu ya meza moja hakukosea sana.

Sasa tuje kwenye burashi, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kijisanamu kikitoka kiwandani kina mstari mwembamba ulioachwa na kalibu. Huo huondolewa kwa kisu na tupa ndogo, kisha kijisanamu kikaoshwa kwa sabuni. Hupakwa rangi ya msingi, nyeusi, nyeupe au ya majivu. Baada ya rangi kamili za nguo na ngozi, hufuata rangi nyeusi au kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi, nayo hutiririka yenyewe ikatulia katika mikunjo ikafanya vivuli. Mwisho huja burashi iliyofutwa karibu kukauka, inayopitishwa juu juu ili sehemu zilizoinuka zing'ae. Macho wengine huyapaka mwanzo, wengine mwisho, na kila upande una hakika kwamba wenzao wamepotea.

Anayepaka askari wa historia hana uhuru wa kuchagua rangi apendavyo, na hili nimeliona kuwa faida kubwa kuliko zote. Itambidi aulize. Atakuta kwamba koti jekundu la Mwingereza halikuwa na wekundu mmoja: la askari wa kawaida lilitiwa rangi ya mizizi ya mmea, nyekundu iliyofifia kama tofali, na la ofisa lilitiwa rangi kali itokanayo na wadudu wadogo wa Amerika, ghali mno. Cheo kilionekana katika rangi kabla hujatazama mabega. Atakuta vilevile kwamba buluu ya Mfaransa ilitaka nili kutoka ng'ambo, na Waingereza walipoyatawala maji nili ikaadimika. Mwaka 1806 ikaamriwa baadhi ya vikosi vivae makoti meupe. Vilipigana hivyo Februari 1807 katika theluji ya Eylau, na husimuliwa kwamba Napoleon alichukizwa na jinsi damu ilivyoonekana juu ya nguo nyeupe. Makoti meupe yakaachwa. Kijana wa miaka 14 aliyetaka tu kujua afungue kichupa gani amekwisha kusoma habari za biashara, za bahari na za gharama ya vita.

Kwa upande wa mazimwi, wapakaji chipukizi huvamia rangi ya kijani mbichi kwa kila maiti, wakamwagia damu kana kwamba imepunguzwa bei. Wazoefu hufanya vingine. Mpake kwanza maiti kama mtu aliye hai, kwa rangi ile ile ya ngozi uliyompa askari. Kisha ongeza tone la rangi ya majivu na tone la zambarau, hasa chini ya macho na kwenye vidole. Atatisha maradufu, kwa sababu sasa anafanana na mtu ambaye jana alikuwa na jina.

Kabla sijaendelea, neno moja kwa wenye nyumba zenye watoto wadogo. Vijisanamu vya leo vingi ni vya plastiki, vya resini au vya bati lisilo na risasi, lakini vya zamani vilikuwa vya risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kampuni ya Britain iliacha kusubu askari wa risasi mwaka 1966. Kwa hiyo askari wa kurithi asipigwe tupa mezani pa chakula, na mikono ioshwe. Vumbi la resini nalo si la kuvutwa puani. Wanaokwangua resini huziba pua na mdomo. Zaidi ya yote, iachwe tabia ya kuinyoosha ncha ya burashi kwa midomo. Mafundi wengi wanayo, na vijana huiga upesi.

Nirudi kwenye swali la mazimwi. Mwaka 2001, katika mji wa Vilnius, Lithuania, wajenzi waliokuwa wakichimba mahali palipokuwa kambi ya jeshi la Kisovieti walifukua mifupa ya watu. Wataalamu walihesabu watu zaidi ya 3,000. Lililowatambulisha lilikuwa vifungo: vilikuwa na namba za vikosi vya Ufaransa vya mwaka 1812. Napoleon alikuwa ameivamia Urusi mwezi Juni mwaka huo na watu zaidi ya laki nne. Waliofika Vilnius mwezi Desemba wakirudi walikuwa mabaki ya watu. Wachunguzi waliopima masalia hayo walikuta dalili za maradhi yaletwayo na chawa. Wengi wa waliozikwa pale walikuwa vijana. Hawakung'atwa na zimwi lolote. Waliuawa na baridi, njaa, chawa, na amri.

Hapa ndipo ninapoona mpaka kati ya zimwi lenye maana na zimwi la uongo. Zimwi linaweza kuwa njia ya kusema kitu ambacho sare nzuri inakificha: kwamba vita hula watu, na kwamba baada ya ngoma na bendera kuna viumbe wanaokuja usiku kuokota. Zimwi la namna hiyo na limezwe na mchezo, sina ugomvi nalo. Lakini kuna michezo mingine ambayo huyachukua mazimwi na kuyatia katika Vita Kuu ya Pili. Mmoja, Konflikt '47, ulitoka mwaka 2016. Katika hadithi yake vita vile vinaendelea hadi mwaka 1947, na jeshi la Ujerumani lina vikosi vya maiti waliofufuliwa. Vijisanamu vyake vimetengenezwa kwa ustadi, sikatai. Ila mtoto akijifunza kwamba Wanazi walikuwa wabaya kwa sababu walikuwa na maiti na watu-mbwamwitu, amefundishwa kinyume cha ukweli. Waliowaua Wayahudi milioni sita hawakuwa na kucha wala meno marefu. Walikuwa makarani, waendesha garimoshi, askari wenye wake na watoto, waliopiga mihuri na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni. Ukimpa zimwi kosa la mtu, mtu huyo amepona.

Si wachezaji wote wasiolijua hili. Wapo wanaokataa kabisa kupaka alama za SS, na wapo wanaozipaka kwa usahihi wakisema kuficha alama ni kuficha historia. Wazo langu li karibu na la hao wa kwanza pale mpakaji anapokuwa mtoto, na karibu na la hao wa pili pale anapokuwa mtu mzima aliyesoma.

Mhispania Francisco Goya aliyajua mambo yote mawili. Mwaka 1799 alitoa michoro iliyojaa wachawi na viumbe wa usiku. Halafu majeshi ya Napoleon yakaingia nchini kwake, na kati ya mwaka 1810 na 1820 akachora picha 82 za maafa ya vita, ambazo hazikuchapishwa hadi mwaka 1863, miaka 35 baada ya kufa kwake. Katika nyingi za picha hizo zimwi hayumo. Wamo watu, na nyuso zao. Mzazi mwenye kijana anayependa michezo hii angefanya vema kumtafutia picha hizo, akikadiria umri wake, naye azitazame kabla ya kufungua kichupa cha rangi nyekundu.

Basi anayetaka kuanza asinunue sanduku zima. Askari wanne watosha, na zimwi moja, burashi mbili nzuri na vichupa vinane vya rangi ya maji. Achague kikosi kimoja cha kweli, atafute namba iliyokuwa kwenye vifungo vyake, na ajue kilikwenda wapi. Akichagua Wafaransa wa mwaka 1812, koti lisiwe buluu safi ya gwaride: lichafuliwe kwa kahawia kuanzia magotini, na viatu vifungwe matambara. Chini ya miguu itahitajika theluji. Wengine huitengeneza kwa magadi ya kupikia yaliyochanganywa na gundi nyeupe, lakini baada ya miaka michache hugeuka rangi ya manjano; unga wa vioo au wa plastiki uliotengenezwa kwa kazi hiyo hubaki mweupe.