Oprah: tumeiga kochi, tukaacha mkataba

Jamani wadau, leo tumzungumzie Oprah Winfrey, ila si kwa namna tuliyozoea. Kila ukikutana na dada anayetaka kipindi chake kwenye runinga, muulize anataka kuwa kama nani. Jibu lile lile: Oprah. Muulize kwa nini, atakuambia anajua kuongea na watu, ana huruma, analia na wageni wake. Sawa, hakuna uongo hapo. Lakini mimi naona tumechukua machozi na kochi, kilichomtajirisha tukakiruka.

Historia yake wengi mnaijua, sitawachosha. Alizaliwa Januari 1954 kule Kosciusko, Mississippi, mama yake akiwa binti mdogo. Jina alilopewa ni Orpah, la kwenye Kitabu cha Ruthu. Watu wakashindwa kulitamka, likageuka. Alilelewa na bibi, halafu akawa wa kuhamishwa huku na huku, mara Milwaukee kwa mama, mara Nashville kwa baba kinyozi. Alianza kudhalilishwa kijinsia akiwa na miaka 9. Akiwa na miaka 14 alijifungua mtoto ambaye hakuishi. Hapo ndipo wasimuliaji wengi wanaponogewa: kutoka shimoni hadi mabilioni! Kwa kweli simulizi hiyo siipendi. Inafanya mateso yaonekane kama mtaji, wakati wapo wanawake wengi mno walioteseka vilevile na hakuna aliyewapa hata maiki.

Kinachonivutia mimi ni Baltimore. Mwaka 1976, akiwa na miaka 22, alichukuliwa na kituo cha WJZ kusoma taarifa ya habari ya saa kumi na mbili jioni. Haukuisha mwaka wakamtoa mezani. Mwaka 1978 wakamsukumia kwenye kipindi cha asubuhi kilichoitwa People Are Talking, maana mkataba ulikuwa bado unaendelea na lazima afanye kitu. Basi adhabu ikageuka kazi. Januari 1984 akahamia Chicago kwenye AM Chicago, kipindi kilichokuwa kinaburuza mkia, tena katika mji ule ule wa Phil Donahue, mfalme wa vipindi vya mazungumzo enzi hizo. Miezi michache tu akampita.

Haya, sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 8 Septemba 1986 kipindi chake kilianza kuonekana Marekani nzima. Kule kipindi cha aina hii hakikai kwenye kituo kimoja. Kuna msambazaji, kwake yeye ilikuwa King World, anayekiuza mji kwa mji, kituo kwa kituo, na fedha inagawanywa kati ya msambazaji na mwenye kipindi. Nimesema mwenye kipindi. Anayekaa mbele ya kamera anaweza kuwa mwajiriwa tu, mwisho wa mwezi anapokea chake na kwenda nyumbani. Oprah alikataa kubaki hapo. Akiwa na mwanasheria wake, Jeff Jacobs, alianzisha kampuni ya Harpo (lisome jina lake kinyumenyume), na mwaka 1988 Harpo ikachukua umiliki na utayarishaji wa kipindi kutoka ABC. Alikuwa na miaka 34. Akanunua na jengo la studio upande wa magharibi wa Chicago, jengo lililowahi kuwa ghala la silaha na, baada ya meli ya Eastland kupinduka mwaka 1915, chumba cha kuhifadhia maiti. Mwaka 2003 jarida la Forbes likamtaja kuwa bilionea, mwanamke mweusi wa kwanza Marekani. Hizo fedha zilitoka kwenye karatasi zilizosainiwa, wadau. Machozi hata mtaani kwetu yapo, tena ya bure.

Namfahamu dada mmoja hapa mjini. Alibuni kipindi yeye, jina akatoa yeye, wageni akawatafuta kwa vocha zake mwenyewe. Kilipopendwa akaomba aongezwe posho. Wiki mbili baadaye kipindi kile kile, jina lile lile, kilikuwa na sura nyingine kwenye kochi. Hakuwa na la kudai kwa sababu hakuwa na karatasi hata moja. Mpaka leo watu wanamuuliza barabarani kwa nini "aliacha".

Na umiliki si fedha tu. Mwaka 1996 Oprah alifanya kipindi kuhusu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, akatamka hewani kwamba hamu ya kula nyama imemwisha. Wafugaji wa Texas wakamburuza mahakamani. Mwaka 1998 akahamishia kipindi Amarillo, mchana yuko kizimbani, jioni anarekodi, na baraza la wazee wa mahakama likampa ushindi. Mtangazaji wa mshahara angeshaandikiwa barua siku ya pili yake, na tena aombe radhi.

Sisemi ni malaika. Mtu akiwa mwenye kipindi hakuna wa kumwambia "dada, hapo hapana". Mwaka 2007 alimpa kiti Jenny McCarthy, akayahusisha hewani matatizo ya mwanawe na chanjo, mbele ya mamilioni ya akina mama, jambo ambalo sayansi imelikataa. Dr. Oz naye alikuzwa pale pale. Halafu zile Pontiac 276 alizogawa Septemba 2004, ukumbi mzima ukapiga mayowe! Magari yalitolewa na kampuni yenyewe, na kodi ikawaangukia waliopewa, maelfu ya dola kila mmoja. Sifa zote akabeba Oprah. Hapo mimi namlaumu kweli kweli, maana aliyezoea kusoma mikataba kama yeye alijua nani atalipa nini.

Tarehe 25 Mei 2011 alifunga kipindi baada ya matoleo 4,561. Alifunga mwenyewe, kwa siku aliyoichagua. Jengo la studio aliliuza, likabomolewa 2016, na leo pale pamesimama makao makuu ya McDonald's.

Dada zangu mnaokaa kwenye makochi ya asubuhi na jioni, nawauliza kwa nia njema kabisa: lile jina la kipindi chako limesajiliwa kwa nani? Na zile kanda za zamani, ukitaka nakala leo, unaomba ruhusa kwa nani?