Tuachiwe Tupange Vipimo Wenyewe



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo la maabara. Wazazi wetu nao wasiliruke, maana ni habari ya mabati na mabomba waliyoyanunua kwa fedha zao. Nasema kwamba katika jaribio la kupima kutu kwa umeme, mwanafunzi ndiye apange vipimo vya chombo, wala asipangiwe.

Desturi iliyoenea mashuleni ni kwamba mwanafunzi huingia maabara akakuta kila kitu kimekwisha kutegwa mezani. Nyaya zimefungwa, kitufe cha multimita kimeelekezwa mahali pake, naye kazi yake ni kusoma tarakimu na kuinakili. Siwalaumu walimu, kwani muda ni mfupi na vyombo ni vichache. Lakini katika habari ya kutu, tarakimu isiyofuatana na maelezo ya jinsi ilivyopatikana haina maana yo yote.

Kwa wale wasiosoma kemia nieleze kidogo. Kutu ni kazi ya umeme. Chuma kikilowa, mahali pamoja hutoa elektroni na kuyeyuka, na mahali pengine oksijeni iliyomo majini huzipokea elektroni hizo. Kwa hiyo ulaji wa chuma waweza kupimwa kwa volti na kwa mkondo kabla jicho halijaona wekundu wo wote.

Twaa msumari, usugue kwa msasa, kisha upake rangi ya kucha ukiacha wazi sentimita moja tu ya mraba, na uutie katika maji ya chumvi. Pembeni yahitajika elektrodi ya rejea, yaani kitu kisichobadilika ambacho msumari utalinganishwa nacho. Hiyo twaweza kuitengeneza sisi wenyewe: waya wa shaba ndani ya mmumunyo mzito wa mrututu, na mmumunyo huo katika kichungu cha udongo kisichopakwa rangi, mfano wa vile vya Wakisi vitokavyo pwani ya Ziwa Nyasa, ambacho maji hupenya polepole. (Kichungu hicho kisirudi jikoni kamwe, maana mrututu ni sumu.)

Sasa ndipo penye kupanga. Multimita iwekwe kwenye volti za mkondo wa moja kwa moja, kipimo cha volti 2. Waya mwekundu uende kwenye msumari na mweusi kwenye shaba. Ukizigeuza, hasi yako itakuwa chanya na hutajua. Itumike multimita ya tarakimu, si ile mita ya zamani ya mshale, kwa sababu mshale hula mkondo ili usogee, na mkondo huo hubadili kitu kile kile unachokipima. Halafu ungoje. Mwanzoni tarakimu hutembea, na anayeinakili dakika ya pili ataandika namba tofauti na jirani yake anayeinakili dakika ya ishirini, ingawa misumari yao ni ya pakiti moja. Kanuni ya Kimarekani iitwayo ASTM G59 huagiza kungoja karibu saa nzima, na kipindi chetu ni dakika 40!

Kanuni hiyo ni ya wenye potenshostati, mashine inayosukuma volti kidogo kidogo na kupima mkondo unaojibu. Hatunayo, lakini hesabu yake yafaa tuijue. Mashine huanzia milivolti 30 chini ya volti ya chuma ikapanda hadi milivolti 30 juu yake, kwa mwendo wa volti 0.6 kwa saa, yaani dakika 6. Mwenye haraka akizidisha mwendo mara kumi atamaliza kwa sekunde 36, lakini sehemu ya mkondo atakaoupata itakuwa ya kuujaza umeme uso wa chuma tu, na hesabu itasema kutu ni kali kuliko ilivyo.

Eneo nalo ni hivyo hivyo. Tuseme umepata maikroampea 10 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa chuma, hizo ni kama milimita 0.116 kwa mwaka, na bati la milimita 0.3 lililokwisha vuliwa zinki yake, likiliwa upande mmoja kwa mwendo huo, lingetoboka baada ya miaka miwili na nusu hivi. Kama mashine iliambiwa eneo ni sentimita 1, kumbe zilizo wazi ni 2, basi mwendo wa kweli ni nusu ya huo, na bati lingedumu miaka mitano. Mzee mmoja angeng'oa paa lake bure kwa ajili ya namba iliyojazwa ovyo.

Tusidhani mambo haya ni ya mbali. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, nalo hupita katika mkoa wetu huu wa Songwe. Mabomba ya chuma yaliyofukiwa hulindwa kwa kusukumiwa umeme, na kipimo kinachotumika duniani ni volti 0.85 hasi, kikifuatana na jina la Robert Kuhn aliyefanya kazi hiyo huko New Orleans mwaka 1928. Lakini hiyo 0.85 ni kwa elektrodi ya shaba na mrututu. Fundi akitumia elektrodi ya fedha, namba ya kulinganisha hubadilika. Asipoandika ametumia ipi, anayemfuata hawezi kujua kama bomba li salama au laliwa.

Wako watakaosema tutaharibu vyombo. Multimita huharibika zaidi ikiwekwa kwenye ampea na kuchomekwa kwenye umeme wa ukutani, jambo ambalo laweza kumdhuru hata mtu, na katazo hilo ni la dakika moja. Msumari katika maji ya chumvi hautoi hata volti moja.

Basi naomba muhula ujao tupewe vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80, kila kundi lipange chombo lenyewe, na juu ya kila jedwali iandikwe elektrodi iliyotumika, eneo, muda wa kungoja na kipimo cha mita. Mwalimu asahihishe mistari hiyo kwanza, kabla ya tarakimu. Maji ya kupimia yatoke katika Mto Songwe, kisimani na bombani, na vichungu nitavitafuta mimi likizoni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Isongole