Kwanza Iulizwe Tarehe

Watu wa Bonde la Kilombero wamezoea kuulizwa. Tangu miaka ya 1950, Profesa Rudolf Geigy wa Basel alipoanzisha maabara yake Ifakara, wageni wenye kalamu na daftari hawajakoma kupiga hodi. Kuanzia 1996 wadodosaji wa taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara walikuwa wakizungukia kaya za vijiji vya Kilombero na Ulanga kila baada ya miezi minne: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Katika kijiji cha Idete ilijaribiwa chanjo ya malaria, na matokeo yake yakasomwa dunia nzima mwaka 1994. Ni sehemu chache za Tanzania ambazo wanakijiji wake wameandikwa, wakahesabiwa na kuhojiwa kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mazoea hayo ni hazina kubwa, na mwenye kuyabeza hajui dodoso hizo zimeokoa watoto wangapi. Lakini yana hatari yake. Aliyezoea kuulizwa ana vyandarua vingapi ndani huweza kudhani kwamba kuulizwa anamwonaje rais, mbunge au daktari ni jambo la aina hiyohiyo. Sivyo. Chandarua hakiongezeki wala hakipungui kwa sababu redio imetangaza habari nzito asubuhi. Maoni huongezeka na kupungua kwa sababu hiyo hasa. Kipimo cha maji ya Lumemo kilichosomwa Aprili hakimwambii mtu kina cha mto huo mwezi Septemba, na asilimia ya watu wanaoridhika na serikali nayo ni ya siku ile waliyoulizwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2017. Mwezi Juni, shirika la Twaweza lilitoa matokeo ya Sauti za Wananchi, utafiti wake unaofanywa kwa simu Tanzania Bara. Mwaka 2016 watu 96 katika kila 100 walikuwa wamesema wanaukubali utendaji wa Rais John Magufuli. Sasa walikuwa 71. Habari hiyo ilitoka katika juma ambalo nchi nzima ilikuwa ikizungumza jambo moja tu, makinikia. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilikuwa imewasilisha taarifa yake juu ya mchanga wa dhahabu, na Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, akaondoka. Tarehe 12 Juni ikaja taarifa ya kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro. Siku mbili baadaye mwenyekiti wa kampuni ya dhahabu ya Barrick, John Thornton, alikuwa Ikulu. Vijiweni watu walikuwa wakimsifu rais kwa sauti kubwa, na kumbe magazeti yanasema amepungukiwa.

Kelele zilizofuata zilitabirika. Wapinzani walisema wananchi wamemchoka. Wafuasi walisema utafiti ni wa uongo, kwani nani asiyeona furaha iliyopo mitaani? Wote walisahau jambo dogo lililokuwa limechapishwa katika ripoti yenyewe: waliohojiwa walipigiwa simu mwezi Aprili. Mwezi huo makinikia yalikuwa bado hayajawa wimbo wa taifa. Kilichokuwa mbele ya macho ya mwananchi ni bei ya unga baada ya mvua kukosekana, pamoja na uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Jibu la Aprili lilisomwa kana kwamba ni la Juni, na ndipo pande mbili zikagombana juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja aliyekitazama vizuri.

Miaka miwili kabla ya hapo, jambo la namna hiyo lilikuwa zito zaidi. Tarehe 28 Julai 2015 Edward Lowassa, aliyekuwa waziri mkuu, aliihama CCM na kujiunga na CHADEMA. Twaweza waliwapigia simu watu 1,848 kati ya tarehe 19 Agosti na 7 Septemba. Katikati ya siku hizo, tarehe 1 Septemba, Dk. Willibrod Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, alijitokeza hadharani na kutangaza kuachana na siasa za vyama, akieleza kwa nini hakuweza kumkubali Lowassa. Kwa hiyo waliojibu Agosti na waliojibu Septemba hawakuwa wakijibu katika nchi ileile. Katika mbio za urais, matokeo yalimpa Magufuli wa CCM asilimia 65 na Lowassa 25. Katika sanduku la kura la tarehe 25 Oktoba yalikuwa 58.46 na 39.97.

Hapana haja ya kumshutumu mtafiti kwa tofauti hiyo. Kampeni ilikuwa imebakiza majuma saba baada ya simu ya mwisho, na wapo wasiopenda kumtajia mgeni chaguo lao. Anayestahili kuonywa ni msomaji aliyeichukua asilimia ya Septemba akaifanya utabiri wa Oktoba. Na mkazi wa Kilombero ana sababu yake mwenyewe ya kuwa mwangalifu, kwa kuwa mwaka huohuo jimbo lake lilimchagua mbunge wa CHADEMA. Katika watu 1,848 wa nchi nzima, waliotoka bonde hili hawangeweza kuwa zaidi ya kiganja. Wastani wa taifa haukuwa sauti ya Mang'ula wala ya Mlimba.

Bonde lina habari zake ambazo Dar es Salaam huzisikia kwa mbali. Mwishoni mwa 2012 serikali iliendesha operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika ardhi oevu ya Kilombero, eneo lililotambuliwa na Mkataba wa Ramsar tangu 2002. Maelfu ya ng'ombe waliswagwa. Wasukuma, Wamaasai na Wabarabaig walihama kwa uchungu, huku wakulima wengi wakishusha pumzi. Mwaka uliofuata ikaja Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili, nayo ilisimamishwa Novemba 2013 kwa sababu ya malalamiko ya mateso, na mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao mwezi Desemba. Baadaye ulipokuja mpango wa kupima vijiji na kutoa hati za hakimiliki za kimila katika Kilombero, Ulanga na Malinyi, kila swali kuhusu ardhi liliangukia katika kumbukumbu hiyo. Mfugaji anayeulizwa kama ana imani na serikali ya kijiji, miezi michache baada ya zizi lake kuvunjwa, anajibu juu ya zizi. Mkulima wa jirani yake anajibu juu ya mpunga ambao safari hii haukulishwa. Mtafiti atakayewachanganya wawili hao, akapata nusu kwa nusu na kuandika kwamba wananchi "wamegawanyika kuhusu utawala bora", atakuwa ameandika maneno yasiyomfaa mtu.

Liko na jambo la msimu, ambalo wenyeji wanalijua kuliko wataalamu. Mvua zinapoanza, familia nyingi hufunga nyumba na kuhamia mashambani, kwenye madungu, kulima na kuamia ndege hadi mavuno. Anayekuja Machi na karatasi zake huwakuta wafanyabiashara, watumishi, wazee na wagonjwa. Pakitokea tukio kubwa wakati huo, maoni yatakayoandikwa ni ya waliobaki karibu na lami, siyo ya walio shamba ambako hata simu hushika kwa kubahatisha. Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155 nchini. Kuuliza katika mwezi kama huo kama barabara na mitaro zinaridhisha ni halali kabisa, ila jibu lake lisije likawekwa bega kwa bega na la mwezi wa Agosti, vumbi likitimka, kisha ikatangazwa kwamba mtendaji fulani amefaulu au ameshindwa.

Katika afya, hesabu hii inagusa uhai. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, Rais Magufuli alitia shaka chanjo za Korona mbele ya taifa. Alifariki tarehe 17 Machi. Tarehe 28 Julai Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, kamera zikimwangalia. Mtu yuleyule wa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, angeweza kukataa Februari na kukubali Agosti bila kubadilika tabia hata kidogo, kwa kuwa mkuu wa nchi aliyemsikiliza alikuwa mwingine. Watafiti wa Ifakara, ambao pia wamewauliza wanavijiji wanaonaje habari ya mbu waliobadilishwa vinasaba, wanafanya kazi katika ukanda ambao uvumi wa mumiani ni wa zamani kuliko hospitali nyingi. Wana wajibu wa kujua ni uvumi gani ulipita wiki ile kabla ya kuandika kwamba jamii inakubali au inakataa.

Hili si la Waafrika peke yao. Marekani, kabla ya Septemba 11, 2001, Gallup waliona George W. Bush akikubaliwa na asilimia 51. Majuma mawili baadaye zilikuwa 90. Waliobadilika ni mamilioni ya watu waliopigwa na tukio moja.

Tanzania yenyewe iliwahi kuonyesha jinsi takwimu inavyosomwa na watu wazima. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikusanya maoni, na waliotaka chama kimoja kiendelee walikuwa asilimia 77. Tume iliangalia kizazi kilichoishi na chama kimoja tangu 1965, ikaangalia upepo uliokuwa umeangusha tawala za Ulaya Mashariki, ikaangalia na wale asilimia 21 waliothubutu kusema vingine. Ikashauri mfumo wa vyama vingi, ulioanza Julai 1992. Ilisoma namba pamoja na wakati wake.

Kinyume cha busara hiyo kilionekana 2018. Julai mwaka huo Twaweza walitangaza kwamba wanaomkubali rais wameshuka hadi asilimia 55. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikaandika barua ya kuhoji kibali, pasipoti ya mkurugenzi wa shirika ikachukuliwa, na Septemba Sheria ya Takwimu ikarekebishwa na kuwa kali, hadi ilipolegezwa Juni 2019. Hapo utafiti wenyewe ukageuka kuwa tukio kubwa. Anayepigiwa simu baada ya hayo hujiuliza nani yuko upande wa pili wa laini. Kiongozi anayetaka kujua ukweli wa watu wake na ajue kwamba adhabu kwa anayeuliza huharibu jibu la anayeulizwa.

Kwa hiyo wasihiwe wote wanaohusika. Mtafiti na aweke daftari la matukio pembeni ya dodoso: bei za sokoni, hotuba, mafuriko, uvumi, kesi iliyo mahakamani. Vijana wanaohoji ni watoto wa bonde hili, wanayasikia yote, na waruhusiwe kuyaandika. Swali zito lirudiwe baada ya miezi kadhaa. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu kura za maoni za uchaguzi inadai mchapishaji aeleze lini watu walihojiwa na wangapi. Mhariri wa Dar es Salaam au mtangazaji wa Pambazuko FM hahitaji kusubiri sheria ili afanye hivyo.

Na matokeo yarudi kijijini. Mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Mtafiti asimame pale Namawala au Lupiro, asome asilimia alizopata, ataje tarehe alizouliza na yaliyokuwa yakitokea siku hizo, halafu awaachie wanakijiji waseme ni yapi bado wanayashikilia na ni yapi yaliyopita na habari zake.